Wanaopinga Kupima Kasi Huipima kwa Macho

Hoja zenyewe mnazifahamu, maana hazisemwi kwa kunong'ona. Kwamba kupima kasi ya chuma ili kujua misuli imechoka kiasi gani ni mchezo wa wenye pesa. Kwamba nguvu huhesabiwa kwa kilo, sekunde waachiwe wakimbiaji. Kwamba kocha mwenye jicho hahitaji mashine, na mnyanyuaji mwenye akili zake anaujua mwili wake. Nimezisikiliza zote, nyingine mara nyingi kuliko zilivyostahili, na nimejitahidi kuzichukua kutoka kwa watetezi wake hodari, nikawaacha wapiga kelele. Kila hoja nitaieleza kwanza kwa namna ambayo mwenyewe angekiri ni yake, kisha nitaonyesha inapovunjikia. Nyinyi mnaosoma ndio mahakimu. Sihitaji mnipende, nahitaji mpime.

Kinachobishaniwa ni hiki. Mtu anaanza seti ya skwoti, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani mara kadhaa mfululizo. Mnyanyuo wa kwanza anausukuma kwa nguvu zake zote, na chuma kinapanda kwa kasi ya wastani ya mita 0.70 kwa sekunde. Wa pili, 0.68. Anaendelea kusukuma kwa bidii ile ile, lakini kasi inashuka. Ikifika 0.56, amepoteza asilimia 20 ya kasi aliyoanza nayo, ikifika 0.42, asilimia 40. Wanaopima wanadai kwamba asilimia hiyo inaeleza uchovu ulioingia mwilini vizuri kuliko idadi ya minyanyuo, na kwamba mtu anaweza kuamua kabla hajaanza kwamba seti itakomea asilimia fulani. Basi, dai ni hilo tu. Wapinzani wengi wanapigana na dai kubwa zaidi ambalo hakuna aliyelitoa.

Nianze na wazee wa chuma. Wao wanasema mzigo ukishakuwa mzito kweli, kila kitu kinakwenda polepole, kwa hiyo hakuna kasi ya kupima. Anayepima kasi ananyanyua vitu vyepesi. Inasikika kama busara ya mtu aliyebeba mengi. Lakini tangu mwaka 1938, Mwingereza A. V. Hill, ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel, alionyesha kwa misuli ya chura kwamba kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo msuli unavyojikunja kwa kasi ndogo, na kwamba uhusiano huo una mchoro wake unaoweza kuandikwa kihesabu. Mwaka 2010, Wahispania González-Badillo na Sánchez-Medina waliwalaza vijana 120 kwenye benchi na kuwapandishia mzigo hatua kwa hatua hadi kileleni, yaani uzito wa mwisho ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu. Kila asilimia ya kilele ilikuwa na kasi yake. Baada ya wiki sita za mazoezi, 56 kati yao walipimwa tena: kilele kilikuwa kimepanda kwa takriban asilimia 9, ilhali kasi ya kila asilimia ilibaki karibu pale pale. Hapo kileleni chuma kilikwenda kwa mita 0.16 hivi kwa sekunde. Fanyeni hesabu wenyewe. Chuma kinachosafiri sentimita 40 kwa kasi hiyo kinatumia sekunde mbili na nusu. Kwenye asilimia 70 ya kilele kasi ni kama mita 0.6, na safari ile ile inaisha kwa theluthi mbili za sekunde. Mtu anayesema kati ya vipindi hivyo viwili hakuna cha kupima, atuambie saa yake ina mishale mingapi.

Isitoshe, msikilizeni huyu huyu akiwa kazini. Mwanafunzi wake anamaliza mnyanyuo, naye anasema: «Hiyo imekwenda, ongeza kilo tano.» Amejuaje? Ameona chuma kimepanda haraka. Dakika chache baadaye anapaza sauti: «Rudisha chuma, umekwisha!» Amejuaje tena? Ameona chuma kinasuasua katikati ya njia. Hakuuliza kilo, hakuuliza idadi. Amehukumu kwa kasi. Kwa hiyo ugomvi wake hauko kwenye kasi kama kipimo cha uchovu, maana anaitumia kila jioni. Anachokataa ni kuiandika.

Hapo mpinzani mwerevu ataniwahi: kama jicho linaiona kasi, basi jicho linatosha. Hili ndilo jibu lao bora, na linastahili hesabu badala ya dharau. Chukua skwoti yenye safari ya nusu mita. Kwa kasi ya 0.70 chuma kinapanda kwa sekunde 0.71. Kasi ikishuka kwa asilimia 20, kinapanda kwa sekunde 0.89. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya tano ya sekunde, na imesambaa kwenye minyanyuo mitano au sita, katikati ya muziki na watu wanaopishana. Kasi ikishuka kwa asilimia 40, safari inachukua sekunde 1.19, tofauti ni karibu nusu sekunde, na hiyo hata aliyekaa mlangoni anaiona. Jicho basi si kipofu, linaamka limechelewa. Linaona uchovu ukishakuwa mkubwa, na ule wa mwanzo, ambao ndio wenye uamuzi ndani yake, linaupita. Makocha wanaotegemea jicho hujikuta wanasimamisha seti mwishoni kabisa, halafu wanaiita hiyo falsafa.

Dai linalofuata lina akili zaidi. Linasema hivi: kasi hushuka kwa sababu nyingi. Mtu anaweza kujibania nguvu kwa ajili ya minyanyuo ya mwisho, anaweza kukosa mori, anaweza kuambiwa apandishe polepole kwa hesabu ya tatu. Kushuka kwa kasi basi si ushahidi wa uchovu. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli tupu, na haikugunduliwa na wapinzani; ndilo sharti la kwanza la njia yenyewe. Kila mnyanyuo usukumwe kwa nguvu zote tangu chini, la sivyo namba haina maana. Anayefundisha minyanyuo ya polepole kwa makusudi aachane na kipimo hiki, hakimhusu.

Lakini kutoka «inaweza kushuka kwa sababu nyingine» hadi «haielezi uchovu» ni mruko mrefu, na chini yake kuna ushahidi wa mwaka 2011. Sánchez-Medina na González-Badillo waliwachukua wanaume 18 waliozoea chuma na kuwapitisha kwenye mipango 15 tofauti ya benchi na skwoti. Kila mpango ulikuwa na seti tatu zenye mapumziko ya dakika tano, ila mzigo na idadi vilibadilika: mara minyanyuo sita kwa uzito ambao mtu angeweza kuunyanyua mara 12, mara nane, mara kumi, mara zote 12. Kabla na baada ya kazi, watafiti hawakuishia kwenye kasi ya seti. Walipima mtu anaruka juu kiasi gani. Walipima lakteti na amonia kwenye damu. Walimrudishia mzigo mwepesi ambao mwanzoni aliusukuma kwa mita 1 kwa sekunde, waone sasa anausukuma kwa kasi gani. Kadiri kasi ilivyopotea ndani ya seti, ndivyo mruko ulivyopungua, lakteti ilivyopanda na mzigo mwepesi ulivyokwenda kwa uzito, uwiano ukizidi 0.9, pale ambapo 1 ni kukubaliana kikamilifu. Amonia ilikuwa na tabia yake: ilitulia mpaka minyanyuo ilipopita takriban nusu ya uwezo wa mtu, ndipo ikaanza kupanda. Damu haina uvivu, mahakimu. Haijibanii nguvu wala haikosi mori. Kama kushuka kwa kasi kungekuwa kunaeleza hulka tu ya mnyanyuaji, mashahidi hawa wasingekubaliana nako.

Tena hoja ya kujibania nguvu inamgeukia aliyeileta. Anayejibania atakuambia amebakiza minyanyuo miwili ilhali amebakiza sita, na daftari la kuhesabu halina njia ya kumkamata. Kasi inayo: mnyanyuo wa nne ukipanda haraka kuliko wa kwanza, wa kwanza ulikuwa wa uvivu, na namba imeshasema.

Sasa hisia. Hapa wapinzani wana babu wa heshima. Msweden Gunnar Borg alitengeneza kipimo cha jinsi mtu anavyoihisi kazi anayofanya, na kwa upande wa chuma Michael Zourdos na wenzake walichapisha mwaka 2016 kipimo kinachomuuliza mnyanyuaji amebakiza minyanyuo mingapi kabla misuli haijagoma. Hoja inayojengwa juu yake ni hii: mwili una vihisi vyake, kwa nini ununue kingine? Naikubali zaidi kuliko wapinzani wanavyodhani. Uchambuzi wa Israel Halperin na wenzake wa mwaka 2022, uliounganisha tafiti nyingi, ulikuta kwamba watu hukosea kwa kama mnyanyuo mmoja tu kwa wastani, wakijiona wamekaribia kugoma kuliko ilivyo kweli. Mnyanyuo mmoja si kosa la kumnyima mtu usingizi.

Ila someni mstari unaofuata wa uchambuzi huo huo, ambao sijasikia ukinukuliwa jimu: makadirio yanakuwa sahihi zaidi kadiri mtu anavyokaribia kugoma. Maana yake ni kwamba hisia hudhoofika pale pale ambapo jicho nalo halioni, mbali na mwisho, ambako ndiko mtu anayetaka kusimama mapema anahitaji msaada. Kuna pia utafiti wa James Steele na wenzake wa mwaka 2017, ulioonyesha kwamba uwezo wa kukadiria huongezeka na uzoefu. Sasa linganisheni na yanayosemwa kwa mgeni wa wiki ya kwanza. Asubuhi anaambiwa, «Usijali mashine, sikiliza mwili wako.» Jioni akiweka chuma chini anaambiwa, «Hujachoka wewe, akili yako inakudanganya, bado mbili!» Na ile «bado mbili» inasemwa mara tatu mfululizo. Mtu huyo huyo mmoja anaambiwa mwili wake ni shahidi wa kuaminika na pia ni mwongo, kutegemea kocha anataka nini saa hiyo. Mpinzani achague. Kama hisia za mgeni zinaaminika, amwache aweke chuma chini. Na kama haziaminiki, asituambie zinatosha.

Karatasi ya asilimia, yaani mpango unaompa kila mtu mzigo kwa asilimia ya kilele chake pamoja na idadi ya minyanyuo, nitaipitia haraka kwa sasa, maana nitairudia mwishoni kwa sababu nyingine. Utetezi wake ni kwamba tangu daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme alipowajenga upya askari waliojeruhiwa kwa seti za minyanyuo kumi, mwaka 1945, hesabu ya kilo na minyanyuo imetufikisha hapa. Imetufikisha, hakuna ubishi. Lakini DeLorme alitumia uzito ambao mgonjwa mwenyewe aliweza kuunyanyua mara kumi. Aliupima kwa mtu, kwa siku ile. Karatasi za leo zinachukua kilele cha mwezi uliopita, zinakizidisha kwa 0.7 na kuandika «minyanyuo kumi» kwa kila mtu. Watu wawili wenye kilele kile kile cha kilo 100 wanaweza kutofautiana sana kwa kilo 70: mmoja akagoma kwenye wa tisa, mwingine akafika wa 15. Kwa wa kwanza, kumi haiwezekani. Kwa wa pili ni theluthi mbili za uwezo wake. Kwenye daftari wamefanya kazi sawa. Kwenye damu yao, kwa ushahidi wa 2011, hawakaribiani. Na watetezi wa karatasi ndio wanaolalamika kwamba kupima kasi kunapuuza tofauti za watu.

Tufike kwenye moyo wa ubishi wote: bila misuli kugoma, hakuna faida. Hoja katika sura yake bora inasema hivi. Minyanyuo ya mwisho, ile ya kukunja uso, ndiyo inayoita nyuzi zote za msuli kazini. Anayesimama asilimia 20 anaacha mezani minyanyuo yenye thamani kuliko yote. Kwa hiyo kipimo cha kasi, hata kikiwa sahihi, kinatumika kuwasimamisha watu pale ambapo kazi ilikuwa ndiyo inaanza.

Jaribio zuri la hoja hii lilifanyika. Fernando Pareja-Blanco na wenzake waliwagawa wanaume wenye uzoefu katika makundi mawili kwa wiki nane, vipindi 16 vya skwoti. Mzigo uliolingana, idadi ya seti sawa. Tofauti ilikuwa moja. Kundi la kwanza lilisimamisha seti kasi ikishuka kwa asilimia 20, la pili kwa asilimia 40, ambako mara nyingi misuli iligoma kabisa. Waliomaliza ni 22. Kundi la asilimia 20 lilifanya takriban asilimia 60 tu ya minyanyuo ya wenzao. Nguvu ya skwoti ikapanda karibu sawasawa kwa makundi yote mawili. Kimo cha kuruka kilipanda kwa asilimia 9.5 kwa waliosimama mapema na asilimia 3.5 kwa waliokwenda mbali. Kama minyanyuo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko yote, mtueleze kundi lililonyimwa minyanyuo hiyo lilipata wapi nguvu zile zile na mruko ulio bora.

Najua watakachonijibu, kwa kuwa wamekwisha kunijibu: katika utafiti huo huo, kundi la asilimia 40 lilinenepesha misuli ya paja zaidi. Ni kweli. Nami naongeza ushahidi upande wao bila kuombwa: uchambuzi mpana wa mwaka 2024 ulioongozwa na Zac Robinson ulikuta kwamba ukubwa wa misuli huongezeka kadiri seti zinavyomalizika karibu na kugoma, wakati nguvu haikuonyesha mwelekeo wa namna hiyo. Anayetaka fulana imbane mikononi ana sababu nzuri ya kwenda mbali. Lakini angalieni hoja imekuwa nini njiani. Ilianza kama «hakuna faida», sasa ni «misuli inakuwa mikubwa zaidi». Hizo ni kesi mbili. Mcheza mpira wa kikapu, mruka juu, mkimbiaji wa mita 100 anayepiga skwoti ili akimbie, hawakuja jimu kutafuta fulana. Tena, katika kundi la asilimia 40 ilipungua sehemu ya zile nyuzi za msuli zilizo na kasi kuliko zote, ilhali kwa waliosimama mapema ilibaki. Kumpeleka mkimbiaji huyo mpaka chuma kimkatae kila Jumatatu ni kumlipisha nauli ya safari asiyoenda.

Kuna jambo la kuchekesha hapo, nalo halionekani kuwakera wahusika. Takwimu wanayoishika kwa mikono miwili, ile ya misuli kunenepa zaidi, imepatikana kwa sababu mtu alipima kasi. Ni kasi iliyoamua kundi lipi lisimame wapi. Hawawezi kukataa rula halafu wakabaki na kitambaa kilichokatwa kwa rula hiyo.

Hoja ya kisayansi kuliko zote wanayoileta ni hii, na wachache wanaoijua huileta kwa kishindo: kasi imejaribiwa ikashindwa. Mwaka 2017 Harry Banyard na wenzake huko Australia waliwapima wanyanyuaji 17 wa skwoti ili kuona kama kasi ya mizigo myepesi inaweza kutabiri kilele cha siku hiyo. Haikuweza kwa kiwango cha kuaminika. Kasi ya mtu kileleni yenyewe ilibadilika mno kutoka siku moja hadi nyingine, na makadirio yakayumba nayo.

Utafiti ni mzuri na nausifu. Wanaouza vifaa kwa ahadi ya «jua kilele chako bila kukipima» wangeusoma kabla ya kuchapa vipeperushi. Lakini uliuliza swali jingine. Kutabiri kilele ni kuchora mstari kutoka mizigo michache na kuurefusha mpaka mahali usipopima; kosa dogo huku linakuwa kubwa kule. Kufuatilia uchovu hakurefushi chochote. Unalinganisha mnyanyuo wa saba na wa kwanza, wa mtu yule yule, mzigo ule ule, dakika ile ile. Kama leo umeamka mzito na wa kwanza ulikuwa 0.64 badala ya 0.70, asilimia inahesabiwa kutoka 0.64. Kuutupa upotevu wa kasi kwa sababu utabiri wa kilele ulifeli ni kumhukumu ndugu kwa kosa la ndugu yake.

Tofauti hiyo hiyo inajibu sehemu kubwa ya lalamiko kwamba tafiti hizi zilifanywa kwa vijana wa kiume, wachache, na nyingi Hispania. Lalamiko lenyewe nalikubali: 18, 22, hizo si namba za kutikisa dunia, na majedwali ya kasi yaliyotokana na vijana hao yasitumiwe kama sheria kwa mama wa miaka hamsini. Lakini kipimo kinachomlinganisha mama huyo na yeye mwenyewe hakiazimi chochote kwa kijana wa Hispania. Kinachobaki wazi ni kiwango: asilimia 20 kwake ina uzito gani? Hilo linajifunzwa kwa kumfuatilia, na kwa kila zoezi peke yake. Kwenye benchi kasi ya kileleni ni ndogo kuliko kwenye skwoti, mita 0.16 dhidi ya kama 0.3, kwa hiyo kwenye benchi kuna nafasi ndefu zaidi ya kushuka kabla ya kugoma, na asilimia 20 ya benchi ni uchovu mdogo kuliko asilimia 20 ya skwoti. Anayetumia namba moja kwa yote anastahili kukosolewa, nami nitamkosoa pamoja na wapinzani.

Wanasema pia kwamba kasi haijui uchovu umetoka wapi, kama ni kwenye msuli wenyewe au kwenye amri inayotoka kichwani. Haijui. Inasema kiasi, haisemi chanzo. Kuhesabu minyanyuo nako hakusemi chanzo, wala kukunja uso. Na wanaofundisha snatch, yaani kunyanyua chuma kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, wana haki ya kusimama pembeni kabisa: pale chuma kinahitaji kasi fulani ili mtu aweze kuingia chini yake, na kikikosa kidogo tu kinaanguka, kwa hiyo kusubiri asilimia 20 ni kusubiri ajali. Hii ni mipaka ya chombo, na chombo kisicho na mipaka sijakiona.

Imebaki bei, hoja ambayo huachwa mwisho kwa sababu inaonekana haijibiki. Vifaa vya uzi unaofungwa kwenye chuma vilitengenezwa kwa maabara na timu tajiri. Sisi tunanyanyua uwani, kwenye bomba lenye ndoo za rangi zilizomiminwa zege kila upande. Kwa hiyo, wanasema, kasi ni ya Ulaya. Huku tuachiwe kilo na karatasi.

Mhispania mwingine, Carlos Balsalobre-Fernández, alishaonyesha miaka kadhaa iliyopita kwamba simu inayorekodi picha za mwendo wa polepole, pamoja na programu yake, inakaribia vifaa vya maabara kwenye benchi. Na hata hiyo programu si lazima. Simu ikirekodi picha 240 kwa sekunde, pima kwa futi ya fundi umbali ambao chuma kinapanda, mara moja tu. Nusu mita. Hesabu picha tangu chuma kianze kuondoka chini mpaka kisimame juu. Mnyanyuo wa kwanza: picha 171, ambazo ni sekunde 0.71, ambazo ni mita 0.70 kwa sekunde. Kwa kuwa umbali haubadiliki, hata kugawanya hakuhitajiki: kasi ikishuka kwa asilimia 20, muda unaongezeka kwa asilimia 25. Robo ya 171 ni kama 43. Mnyanyuo utakaofikisha picha 214 ndio uliopaswa kuwa wa mwisho. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo, na inafanywa baada ya seti, si wakati wa seti. Fanyeni kwa seti chache na mtajua mtu huyu, kwa mzigo huu, anafika robo hiyo kwenye mnyanyuo wa ngapi.

Na mzigo huu una kilo ngapi? Kwenye kipimo hiki hakuna anayehitaji kujua. Zege la ndoo moja lilichanganywa na kokoto nyingi, la pili mchanga. Moja lina ufa na limemeguka pembeni. Chuma ni kile kile kwenye mnyanyuo wa kwanza na wa nane, na hilo tu ndilo linalotakiwa. Mazingira yanayoletwa kama ushahidi dhidi ya kasi ndiyo mazingira ambayo kilo na asilimia haziwezi kufanya kazi hata kidogo. Mwenye karatasi aje nayo uwani atuonyeshe: asilimia 80 ya ndoo mbili za rangi ni ndoo ngapi?